Darizi Inapokwenda Kombo: Dalili, Visababishi na Marekebisho ya Vitambaa Vilivyodariziwa kwa Mkono

Shuka, foronya au kitambaa cha meza kilichodariziwa kwa mkono huchukua wiki nyingi kukamilika, na mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya arusi, mtoto mchanga au mgeni anayeheshimiwa, kwa hiyo kinapoharibika mwenyewe hufanya haraka kukiokoa, na haraka hiyo ndiyo inayokimaliza. Matatizo yanayoletwa kwa wanaofundisha na kukarabati kazi hii ni yaleyale mwaka hadi mwaka: uzi unaojifunga, kitambaa kilichofinyana, mchoro usiofutika, rangi nyekundu iliyochuja juu ya bafta nyeupe, na madoa ya njano yaliyojitokeza sandukuni. Karibu yote yanatibika maadamu kitambaa hakijapata joto. Pasi, maji ya moto na jua kali ndivyo vinavyoligeuza kosa la leo kuwa la kudumu, na ndiyo maana katika maelezo yote yanayofuata maji baridi yanatangulia na joto linakuja mwisho.

Kabla ya kujaribu tiba yoyote, hakikisha unajua kitambaa na uzi vimetengenezwa kwa nini. Chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibanio na uuguse kwa moto wa kiberiti juu ya sahani yenye maji. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta na tetroni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha pima kama rangi imeshika: lowanisha kipande cha kitambaa cheupe, kikandamize juu ya kila rangi upande wa nyuma kwa dakika 5, na ukitazame. Ikiwa kimepata hata kivuli cha rangi, kazi hiyo haipaswi kulowekwa.

Uzi unajifunga mafundo, unachambuka au unakatika

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni urefu wa uzi. Anayeanza hukata uzi mrefu ili asitunge sindano mara kwa mara, lakini kila mshono unapita kwenye kitambaa na kusugua uzi uleule, hivyo sehemu iliyo karibu na sindano husuguliwa mara kadhaa zaidi ya ile ya mwisho. Kipimo kinachofaa ni dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambayo ni karibu sentimita 45. Ukirudi kwenye kipimo hicho na tatizo likaisha, usitafute sababu nyingine.

Likiendelea, tazama kama uzi umejisokota. Mkono huzungusha sindano kidogo kila unaposhona bila mwenye kazi kujua, na uzi uliosokoteka hujikunja wenyewe na kuwa fundo. Baada ya kila mishono kumi au kumi na tano, geuza kazi juu chini na uiache sindano ining'inie. Itazunguka yenyewe mpaka uzi utulie. Sababu ya tatu ni kutotenganisha nyuzi. Fungu la kawaida la uzi wa kudarizi wa pamba lina nyuzi sita zilizolala pamoja kwa urefu wa mita 8 hivi, na anayevuta nyuzi mbili au tatu kwa mpigo huzichomoa zikiwa zimeshikana. Zitoe mojamoja kwa kuvuta kwenda juu huku umeshika zilizobaki, kisha uzilaze tena pamoja. Utaona pia kwamba mshono unajaza vizuri zaidi.

Uzi unaochambuka na kutoa nywele karibu na sindano kwa kawaida unasema kwamba tundu la sindano ni dogo. Katika sindano za kudarizi namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba: nyuzi mbili hupita vizuri kwenye namba 7 au 8, lakini nyuzi sita huhitaji namba 3 au 4. Sindano nene hutoboa nafasi ambayo uzi unapita bila kukwaruzwa. Mwisho, kama uzi unakatika hata ukiwa mfupi na sindano ikiwa sahihi, vuta kipande cha sentimita 20 kwa mikono miwili. Kikikatika kwa urahisi, uzi umezeeka au umekaa juani, na hakuna dawa yake isipokuwa kuutupa, kwa sababu hata ukifaulu kuudarizia hautahimili kufuliwa. Uzi unaong'aa wa rayoni ni habari nyingine: huteleza na kujifumua, na hutulia ukipitishwa juu ya sponji yenye unyevu kidogo kabla ya kutungwa.

Kitambaa kimefinyana kuzunguka darizi

Hili ndilo lalamiko la mara kwa mara kuliko mengine, na linahitaji kutazamwa kwa makini kwa sababu wakati wa kufinyana unaeleza sababu.

Kama kitambaa kilifinyana mara ulipokitoa kwenye fremu, yaani duara la kutegea kitambaa, mishono imevutwa mno. Ndani ya fremu kitambaa kimetanuka, uzi nao umekazwa juu yake. Kikiachiwa, kitambaa hurudi kwenye kipimo chake lakini uzi hauna pa kurudi. Anayedarizi bila fremu hupata tatizo hilihili, hasa kwenye mshono wa kujaza wenye hatua ndefu zinazolala sambamba. Kama kilikuwa kimenyooka na kikafinyana baada ya kufuliwa mara ya kwanza, basi kitambaa hakikufuliwa kabla ya kuanza kazi. Bafta na marekani mpya hutoka dukani na wanga na mkazo wa kiwandani, na vikilowa hupungua, ilhali uzi wa kudarizi haupungui kwa kiasi kilekile. Sababu ya tatu, isiyotokea sana, ni kuwa kitambaa kilitegwa mshazari kwenye fremu: nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zikiwa hazijanyooka, ua lililochorwa mviringo huwa yai mara fremu inapoondolewa. Ya nne ni darizi nzito mno juu ya kitambaa chepesi, kwa mfano maua yaliyojazwa kwa nyuzi sita juu ya voili.

Anza na jaribio lililo rahisi, ambalo hutatua zaidi ya watu wanavyotarajia. Loweka kazi nzima kwenye maji baridi kwa nusu saa, ikiwa umeshapima kwamba rangi imeshika. Itoe bila kuikamua, ikunje ndani ya taulo na uibonyeze. Tandika taulo kavu juu ya ubao au godoro gumu, lifunike kwa shuka jeupe, na uilaze kazi uso ukiwa juu. Inyooshe kwa viganja kutoka katikati kwenda kwenye pindo, ukifuata mtande na mshindio, kisha ushikize kingo kwa pini zisizoshika kutu, pini moja kila wanda mbili, yaani upana wa vidole viwili. Iache ikauke kabisa kivulini, hata kama itachukua siku mbili wakati wa masika. Usijaribu kuinyoosha kwa pasi ikiwa bado imefinyana, kwa kuwa pasi hukandamiza mikunjo midogo kati ya mishono na kuifanya iwe mistari isiyoondoka.

Ikiwa baada ya kukauka bado kuna sehemu iliyovutwa, hapo hakuna njia ila kukata mishono. Fanya hivyo kwa upande wa nyuma, kwa mkasi mdogo wenye ncha, ukikata hatua tatu au nne na kuzitoa kwa kibanio kwa upande wa mbele. Usivute uzi mrefu kupitia kitambaa, kwa maana utapanua matundu. Matundu yaliyobaki hufungika ukiyakwaruza taratibu kwa ncha ya sindano, mara kwa mtande, mara kwa mshindio, kisha ukilowesha mahali hapo. Kwa kazi zijazo, fua kitambaa kwanza kwa namna ileile kitakavyofuliwa baadaye, kaza fremu mpaka kitambaa kilie kama ngoma ndogo ukikigonga kwa kidole, na hatua za mshono wa kujaza zisizidi sentimita 1.

Jambo moja kuhusu fremu yenyewe: itoe kila unapoacha kazi kwa siku. Duara la rangi ya kahawia linalobaki kwenye kitambaa ni jasho, mafuta ya mikono na vumbi vilivyobanwa, na huondoka kwa kufuliwa ikiwa ni la wiki moja, lakini la miezi mitatu huenda lisiondoke. Kuizungushia fremu ya ndani utepe wa bafta husaidia sana.

Mistari ya mchoro haitoki

Hapa tiba inategemea kabisa chombo kilichotumika kuchora, kwa hiyo jikumbushe hilo kabla ya kugusa maji.

Wengi wetu tulijifunza kuhamisha michoro kwa karatasi ya kaboni ya ofisini, na hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha malalamiko. Kaboni hiyo ina nta na wino mzito ambao hauyeyuki kwa maji, na kuifikicha kwa nguvu huitawanya tu. Ilaze kazi juu ya kitambaa cheupe cha kunyonya, mchoro ukitazama chini, weka matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa nyuma, na uigonge kwa brashi laini ya meno bila kusugua. Suuza kwa maji baridi na urudie. Mara nyingi mstari hupungua bila kuisha, na uamuzi wenye busara ni kuufunika kwa mshono wa bua au wa mnyororo kuliko kuendelea kukwaruza mpaka kitambaa kichakae. Kaboni ya mafundi cherehani, ambayo ni kama chaki, hutoka kwa maji na bei yake haina tofauti ya kutisha.

Wino wa kalamu ya kawaida ya kuandikia unafuata. Hujitokeza vizuri kazi inapofuliwa, kwani unasambaa na kuwa wingu la buluu au zambarau kuzunguka petali. Juu ya pamba nyeupe, spiriti huuyeyusha: lowesha pamba ya dukani, igonge juu ya mstari huku kitambaa cha kunyonya kikiwa chini, na ukibadilishe kila kinapopata rangi. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hii ifanywe nje, mbali na jiko na mshumaa, na kitambaa kikauke kabisa kabla ya kukaribia pasi. Vilevile huweza kuyeyusha rangi ya uzi ulio jirani, hivyo pima kwanza.

Kalamu maalumu za kudarizia zina hila zake. Ile ya buluu inayotoka kwa maji inapaswa kutolewa kwa maji baridi peke yake, bila sabuni, na kabla ya pasi, kwa sababu joto huigeuza kahawia na kuifunga. Ile inayofutika kwa joto hutoweka kwenye nyuzijoto 60 hivi, na inaonekana kama muujiza, lakini wino haujaondoka. Wino huo umepoteza rangi tu. Kitambaa kikipata baridi ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri au zaidi, mistari huanza kurejea. Kwa anayedarizi na kubaki Tanga au Mombasa jambo hili halina uzito, ila shuka likipelekwa kwa ndugu walioko Kanada au Sweden, linaweza kufika na michoro yake yote, kwa hiyo lifuliwe vizuri kwa sabuni kabla ya safari. Penseli ya kawaida hutoka kwa sabuni ya mche na brashi laini ikiwa mstari ulikuwa mwembamba.

Tone la damu kutoka kidole kilichochomwa linafaa kutajwa hapa, kwa vile hutokea wakati wa kazi. Maji baridi na sabuni kidogo, mara moja, huliondoa. Tone dogo hutoka hata kwa mate ya mwenye kidole, kama mafundi wa zamani walivyojua. Maji ya moto huipika damu ndani ya nyuzi.

Rangi imechuja juu ya kitambaa cheupe

Ukigundua jambo hili kitambaa kikiwa bado kibichi, kina nafasi nzuri ya kupona. Usikianike, usikikamue, na usikikunje. Kiache ndani ya maji mpaka usome mpaka mwisho.

Sababu ya kwanza kwa wingi wa matukio ni kuloweka kazi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kali pamoja na nguo nyingine. Ya pili ni kuikunja ikiwa mbichi, au kuiacha imerundikana kwenye beseni tupu, ambako nyekundu inalala moja kwa moja juu ya nyeupe. Ya tatu ni uzi wa bei ndogo ambao rangi yake ya ziada haikusuuzwa kiwandani. Nyekundu, buluu iliyoiva, zambarau na nyeusi ndizo za kuogopwa. Ya mwisho ni kitambaa chenyewe kuchuja, kama pale pindo la kitenge kipya linaposhonwa kwenye shuka jeupe.

Tiba ni maji mengi na subira. Jaza beseni kubwa au ndoo maji baridi, ongeza sabuni laini kidogo, na uizamishe kazi yote ili pasiwe na sehemu inayoelea nje, kwani rangi iliyomo ndani ya maji husafiri hadi kwenye ukingo unaokauka na kutulia hapo. Badilisha maji kila yanapopata rangi, mwanzoni kila baada ya dakika 10, baadaye kila saa, hata kwa usiku kucha. Maji yakibaki meupe kwa saa nzima, suuza, bonyeza kwa taulo na uilaze ikauke mlalo, kivulini, juu ya taulo jeupe. Kuning'iniza kwenye kamba huishusha rangi iliyobaki hadi chini.

Wengi hushauriana kutia siki au chumvi ili kuifunga rangi. Ushauri huo umeenea, lakini siki haifungi rangi kwenye pamba iliyokwisha kutiwa rangi, wala chumvi haifanyi hivyo, na muda unaotumika kuloweka kwenye siki ni muda ambao rangi ingekuwa inatolewa kwa maji safi. Kinachofanya kazi ni kupima uzi kabla: zungushia kila uzi wenye rangi kali kwenye kipande cha bafta mbichi, kipige pasi, na uone kama bafta imepakwa. Uzi unaochuja usuuzwe peke yake mpaka utulie, au usitumike.

Niliwahi kuletewa foronya mbili za jozi moja, zenye asumini nyeupe na waridi jekundu, zilizofuliwa siku moja na kuchuja kwa namna moja. Mwenye nazo alikuwa ameipiga pasi moja ili aone kama doa litapungua, na nyingine akaileta ndani ya mfuko ikiwa bado imelowa. Ile iliyolowa ilisafika baada ya kubadilishiwa maji mara kumi na nne. Iliyopigwa pasi ina kivuli cha waridi hadi leo, na tulichoweza kufanya ni kuongeza majani ya kijani juu ya kivuli hicho.

Kama kazi imekwisha kukauka lakini haijapigwa pasi, loweka kwa saa 24 kwa utaratibu huohuo. Kama imepigwa pasi, au ni ya hariri, au ni ya zamani, simama hapo. Dawa za kuondoa rangi zinazotumiwa na wataalamu huondoa rangi zote bila kuchagua, na hazifai kujaribiwa nyumbani juu ya darizi.

Nyuzi zimenaswa, zimelegea au zimefumuka

Mara nyingi ni pete, kucha au zipu ya nguo nyingine. Usiukate uzi ulionaswa. Uvute nyuma kwa sindano isiyo na ncha, ukigawa ulegevu kwenye mishono miwili au mitatu ya jirani. Ukiwa umekatika, ufumue hadi upate wanda mbili za mkia, upitishe chini ya mishono ya nyuma, na ujaze pengo kwa uzi mpya. Mishono inayofumuka yenyewe ilianzishwa kwa fundo dogo lililopita kwenye kitambaa, au mkia uliachwa mfupi. Kazi iliyodariziwa ifuliwe kwa mkono, na ikiwa lazima iingie kwenye mashine, itiwe kwanza ndani ya foronya iliyofungwa mdomo.

Pasi imeharibu darizi

Darizi iliyolala bapa na kung'aa imepigwa pasi kwa mbele. Ilowanishe, ilaze uso chini juu ya taulo nene lililokunjwa mara mbili, funika kwa bafta mbichi, na ukandamize pasi kwa kuinua na kushusha, bila kuisukuma. Mishono huzama ndani ya taulo na kuinuka tena. Pasi ya umeme ina alama za nukta: nukta tatu, ambazo ni karibu nyuzijoto 200, ni za pamba na kitani, nukta mbili, karibu 150, ni za poliesta na hariri. Kitambaa cha pamba kilichodariziwa kwa uzi wa poliesta hufuata kipimo cha uzi, na jambo hili husahauliwa sana. Anayetumia pasi ya mkaa hana nukta za kumwongoza, kwa hiyo ajaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa na uzi uleule, na apulize majivu nje kabla ya kuisogeza karibu.

Doa jepesi la manjano lililotokana na joto juu ya pamba nyeupe linaweza kupungua kwa hidrojeni peroksidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ikigongwa kwa pamba na kusuuzwa vizuri. Doa lililoiva kuwa kahawia limeunguza nyuzi zenyewe, na ukiligusa kwa kucha huanza kuvunjika. Hilo halifuliki.

Madoa ya njano, kutu na ukungu vilivyotoka sandukuni

Vitatu hivi huchanganywa, na dawa ya kimoja huharibu kingine.

Manjano yaliyosambaa, hasa kwenye mistari ya kukunjia, kwa kawaida ni sabuni au wanga uliobaki, au asidi ya mbao za kabati. Mahali ambapo maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu na huacha utando usioonekana ambao hugeuka njano baada ya miezi. Loweka kwa maji baridi kwa siku nzima ukiyabadilisha, kisha fua kwa sabuni laini, na katika maji ya mwisho ya kusuuzia weka vijiko viwili vya siki kwa ndoo. Kazi nyeupe tupu inaweza kuanikwa juani ikiwa mbichi, kwa maana jua huing'arisha. Yenye rangi ikae kivulini.

Madoa madogo ya rangi ya matofali yenye mipaka iliyo wazi ni kutu, ya pini, ya sindano iliyosahauliwa, au ya maji yenye chuma. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, weka juani kwa saa moja na usuuze sana, ukirudia mara mbili au tatu. Usitie dawa ya kung'arishia yenye klorini juu ya kutu, kwa sababu huikoleza na kuifunga. Na hapa pana onyo ambalo halina mjadala: klorini isikutane kamwe na ndimu, siki wala amonia, maana hutoa gesi ya sumu inayoumiza mapafu. Ukishahisi harufu kali inayochoma koo, acha kila kitu, toka nje, na umpeleke hospitali yeyote anayekohoa au kupumua kwa shida.

Vidoadoa vya kijivu au vyeusi vyenye harufu ya uvundo ni ukungu, ambao pwani huingia hata kwenye kabati lililofungwa vizuri. Kitoe kitambaa nje ya nyumba kikiwa kikavu, vaa barakoa, kipige brashi laini juani, kisha ukifue. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Vidoa vyeusi vilivyokwisha kuingia ndani ya nyuzi mara nyingi hubaki kama kivuli.

Kwa kuhifadhi, kitambaa kiwe kimefuliwa, hakina wanga, na kimekauka kabisa; kiviringishwe ndani ya bafta nyeupe iliyofuliwa, kisiguse mbao wala kukaa ndani ya mfuko wa plastiki, na kifunguliwe kila baada ya miezi michache. Wanga huvutia mende. Nondo hawali pamba wala kitani, kwa hiyo vidonge vya naftalini havina kazi juu ya mashuka haya, na kwa nguo za mtoto mchanga ni hatari kubwa: mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana kwa wingi katika maeneo yenye malaria. Shuka lililokaa na naftalini lisimfunike mtoto. Mtoto aliyefunikwa nalo akionekana wa njano au mkojo wake ukawa mweusi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kitambaa kimechanika kando ya darizi

Darizi nzito huvuta kitambaa chepesi mpaka kikakatika kwenye mpaka wake, na vivyo hivyo kwenye kazi za kukata matundu ambazo kingo zake hazikukazwa kwa mshono wa blanketi. Shikiza kipande cha bafta laini, iliyokwisha kufuliwa, kwa nyuma kwa bandi ndogo, kisha tililia mpasuko kwa uzi mmoja wa rangi ya kitambaa. Ikiwa kitambaa kinapasuka kila sindano inapoingia, nyuzi zimeoza, na kutililia kutaongeza tundu. Uzi mweusi au wa kahawia ulioporomoka kwenye kazi ya kale, huku rangi nyingine zikiwa nzima, huenda ulitiwa rangi yenye chuma, na hauzuiliki kwa kufua. Kazi ya namna hiyo ipelekwe kwa mtaalamu wa kuhifadhi nguo za kale, au ilazwe tu bila kutumika.

Kofia za viua na kazi za zari

Kofia za viua za Unguja na Lamu ni darizi pia, lakini zina tabaka mbili na vitundu, ndivyo viua vyenyewe, vilivyokazwa kimojakimoja, hivyo hazikamuliwi. Zilowekwe kwa maji baridi yenye sabuni, zipigwe brashi laini kufuata mduara, zisuuzwe, zitiwe wanga mwepesi, na zikaushwe zikiwa zimevikwa juu ya sufuria au kibao chenye kipimo cha kichwa. Kofia iliyokauka bila umbo hupinda. Iloweshe tena, usiinyooshe kikavu. Wanga mzito ukiziba viua, maji ya uvuguvugu huuyeyusha. Usitumie kijiti kuvitoboa.

Joho, bushuti au kanzu yenye darizi ya zari haioshwi nyumbani kwa namna yoyote. Uzi wa zari una utando wa madini uliozungushwa juu ya uzi wa ndani, na maji huuchafua utando huo na kulegeza ule wa ndani. Siki, ndimu na dawa za kusugulia vyombo vya shaba huondoa dhahabu iliyopakwa juu. Unachoweza kufanya ni kutoa vumbi kwa brashi laini sana, kuiviringisha kwenye bafta nyeupe darizi ikitazama nje, na kuipeleka ikiwa kavu kwa fundi anayeshona zari, ukimweleza ni doa la nini na limekaa kwa muda gani.